Mkia wa Hurricane: shajara ya kununua, kusafisha na kuvisha upya

Hii ni shajara ya kipande kimoja cha ndege: sehemu ya nyuma ya mwili wa Hawker Hurricane, ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita vya Pili vya Dunia, kuanzia mgongoni mwa kiti cha rubani hadi yanapoanza mabawa ya mkia. Haitaruka kamwe. Tunaitengeneza ili isimame mahali watu waizunguke na kuishika. Naongeza maelezo kila hatua inapokamilika, na gharama zote ni pauni za Uingereza, maana karakana yetu ni ghala la kukodi huku Lincolnshire. Kazi za kawaida nimezipitia kwa haraka. Palipotutoa jasho ndipo nilipoandika kwa urefu, kwa sababu anayetaka kuiga hapo ndipo atakapokwama.

Februari 2022: Kwa nini Hurricane

Ukitaja ndege za kivita za Uingereza, kila mtu anakimbilia Spitfire. Kwa mifuko yetu hiyo haizungumziki. Julai 2015 mnada wa Christie's, London, uliuza Spitfire P9374 kwa pauni milioni 3.1. Ndege ile ilitua kwa dharura ufukweni Calais mwaka 1940, ikamezwa na mchanga, ikaibuka mwaka 1980, na baada ya kujengwa upya kwenye uwanja wa ndege wa Duxford ikaruka tena mwaka 2011. Fedha za mnada zilikwenda kwa mfuko wa kuwasaidia wanajeshi wa anga wa Uingereza na kwa Panthera, shirika linalolinda simba, chui na jamaa zao. Mimi nimekulia si mbali na hifadhi ya Saadani, na habari hiyo ilinifanya nicheke peke yangu: ndege ya vita imeuzwa, mgao umekwenda kwa simba.

Mwaka 1940 serikali ya Uingereza iliwaambia wachangaji kwamba pauni 5,000 zinanunua Spitfire moja. Makoloni yalichanga, na ndiyo maana kikosi namba 72 kilibeba jina la Basutoland, 91 likawa la Nigeria na 249 la Gold Coast. Waliochanga wengi hawakupata kuiona hata moja.

Hurricane ndiyo iliyopita juu ya vichwa vya watu wetu. Iliruka mara ya kwanza Brooklands tarehe 6 Novemba 1935, zikatengenezwa zaidi ya 14,000. Mwaka 1940 na 1941 vikosi vya Afrika Kusini vilizirusha kutoka Kenya kupigana na Waitalia Somalia na Ethiopia. Machi 1941, kwenye uwanja wa Diredawa, rubani John Frost alidunguliwa akatua katikati ya adui. Mwenzake Bob Kershaw akashuka na Hurricane yake palepale chini ya risasi, Frost akamkalia mapajani, wakaruka wote wawili katika kiti cha mtu mmoja. Ukikaa ndani ya chumba cha rubani wa Hurricane ukaona magoti yako yanavyobanwa, utaelewa kwa nini hadithi hiyo haiishi kusimuliwa. Mwaka 1944 ndege hizohizo, sasa zikibeba mabomu, zilikuwa Burma, mwaka ambao Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka Bonde la Kabaw kwa miguu, katika mvua na matope.

Sababu ya pili ni ya kifundi. Spitfire ni ganda la alumini. Nguvu yake iko kwenye ngozi, na kuitengeneza kunataka fremu kubwa za kushikilia umbo na mashine ambazo hatuna. Nusu ya nyuma ya Hurricane ni mabomba ya chuma yaliyofungwa kwa bolti, juu yake mataruma, yaani mbavu, ya plaiwudi, juu ya mataruma fito nyembamba za mbao, na juu ya fito kitambaa cha kitani. Ni jahazi lililolazwa kiubavu. Mimi ni seremala. Mwenzangu mmoja ni fundi vyuma aliyejifunzia kazi Lubumbashi. Wa tatu ni Mama, mshonaji kutoka Mombasa, ambaye mikono yake inajua kitambaa kuliko sisi wote tunavyojua mbao na chuma. Wa nne ni Mzee, Mwingereza aliyehudumia ndege mpaka akastaafu, na bila yeye tusingethubutu.

Aprili 2022: Manunuzi

Wakati wa vita Uingereza ilipeleka Hurricane karibu 3,000 Umoja wa Kisovieti, nyingi zikafia kaskazini huko, upande wa Murmansk. Dola ile ilipovunjika, mabaki yalianza kuokotwa na kuuzwa Magharibi. Makumbusho ya Brooklands yanayo moja ya asili hiyo, Z2389, iliyorudishwa na watu wa kujitolea kwa miaka mingi. Kiunzi chetu kilitoka kwenye mkondo huohuo, kikapitia mikono ya wauzaji kadhaa kabla ya kufika kwetu.

Muuzaji alitupa bei mbili. Bei ya kwanza ilikuwa ya chuma. Ya pili ilikuwa ya chuma pamoja na namba yake, yaani madai kwamba kiunzi hiki ni cha ndege fulani yenye namba fulani na historia fulani, nayo ilikaribia mara tatu ya ile ya kwanza.

Hapa mgeni wa biashara hii lazima asimame kidogo. Ndege ya kihistoria huuzwa kwa mnyororo wa utambulisho wake: iliundwa wapi, ilikuwa kikosi gani, ilianguka lini, nani aliiokota, nani alimuuzia nani. Mnyororo huo ukiwa mzima, ndege inaweza kujengwa kwa chuma kipya karibu chote na bado ikahesabika kuwa ileile ya mwaka 1940. Ukikatika, hata chuma kikiwa cha asili kitupu, unabaki na chuma chakavu chenye sura nzuri. Kwa hiyo kibati kidogo chenye namba kinaweza kuwa na thamani kuliko mbawa nzima, na palipo na thamani ya namna hiyo uongo hauko mbali.

Tuliomba ushahidi wa ile namba. Tulioneshwa picha moja ya mabaki msituni, iliyopigwa kwa mbali, na maneno mengi. Mzee alitikisa kichwa. Tukanunua kiunzi bila namba kwa 2,800, usafiri 240, na kreti moja ya vipande mchanganyiko ambayo muuzaji alitaka tu imwondokee. Kreti hiyo itarudi mbele kwenye shajara.

Ukinunua, dai karatasi ya kila mkono uliopita, pamoja na vibali vya kutoa kitu nchi kilipookotwa. Na usidanganyike kwamba utakwenda kujichimbia mwenyewe. Uingereza kuna sheria ya mwaka 1986 inayolinda mabaki ya kijeshi, na kila ndege ya kijeshi iliyoanguka huku ikiwa kazini inalindwa hata kama hakuna kibao shambani. Kuchimba bila kibali cha Wizara ya Ulinzi ni kosa la jinai, na sababu ni ya maana: chini kunaweza kuwa na risasi hai, au na mtu. Na kibali peke yake hakileti ndege. Mwaka 2013 kundi la Waingereza lilikwenda Burma na vibali vyote kutafuta Spitfire zilizosemekana kuzikwa kwenye makreti karibu na uwanja wa Mingaladon. Walichimba, wakatoka mikono mitupu.

Juni 2022: Kutu

Vibao vya viungo, yaani vipande bapa vya chuma vinavyounganisha mabomba, pamoja na bolti, tulivisafisha kwa umeme. Pipa la plastiki, maji, magadi, chaja ya betri ya gari, na vipande vya chuma chakavu upande wa chanya. Magadi ni yaleyale yanayolainisha maharage, ila tuliyanunua ya viwandani kwa kilo. Usitumie chuma cha pua upande wa chanya. Kinatoa sumu ya kromiamu ndani ya maji. Na fanya kazi mlango wazi, maana gesi inayopanda ni haidrojeni. Kutu ililainika, ikatoka kwa brashi, chuma hakikuguswa. Gharama haikufika 60. Onyo moja: haidrojeni hiyohiyo inaweza kufanya chuma kigumu kiwe chepesi kuvunjika, kwa hiyo njia hii ni ya vitu vya maonyesho. Kinachotarajiwa kuruka kipeleke kwa wenye leseni.

Mabomba marefu hayakuingia pipani. Tukayapaka asidi ya fosforasi nje na kuimimina ndani, tukasuuza, tukakausha, tukayapaka praima. Yalipendeza. Baada ya wiki chache maji ya kahawia yakaanza kuchuruzika kwenye kila kiungo na kubabua praima.

Chanzo ni ubunifu wa Hawker wenyewe, waundaji wa ndege hii. Ncha za mabomba ya Hurricane zimeminywa kutoka duara kuwa mraba, ili vibao bapa vilale juu yake na kufungwa kwa bolti zinazopita kwenye vijibomba vidogo vya ndani. Ni njia ya busara sana vitani: bomba likitobolewa na risasi unalifungua na kuweka jingine bila kuchomelea chochote. Lakini pale kwenye ncha ya mraba, chini ya kibao, kuna mifuko ambayo asidi inajificha na maji ya kusuuza hayafiki. Huko iliendelea kula chuma.

Dawa ilikuwa kufungua viungo vyote, kazi tuliyokuwa tumeikwepa kwa kuhofia bolti zitavunjika. Zilivunjika kweli, karibu theluthi. Tukasuuza kila bomba kwa maji moto yenye magadi kuua asidi, kisha maji matupu, kisha hewa ya moto mpaka likauke kabisa. Mwisho tukamimina mafuta ya kitani yaliyopashwa moto, tukaziba ncha, tukaligeuza bomba huku na huku, tukayamwaga. Mzee anasema mafundi wa ndege za mabomba ya chuma wamefanya hivyo tangu zamani, na kwamba mafuta hayo ndiyo yanayoamua kama mtu wa baada yetu atakuta bomba au chujio. Bolti mpya, hewa ya moto, mafuta na praima ya kurudia: 410. Fungua viungo kwanza, kabla ya asidi yoyote.

Mabomba mawili yalikuwa yametoboka. Hayakutupwa. Fundi wa Lubumbashi alichonga bomba dogo la kuingia ndani ya kila moja, akaliziba kwa resini. Hapo ndipo tulipojiwekea kanuni: kila kitu kipya kinagongwa mwaka wake kwa herufi za chuma, mahali panapoonekana bila kutafuta. Vibomba hivyo vina 2022 kwenye midomo yao. Bolti zina alama ya rangi. Mtu akija miaka hamsini ijayo asihitaji kumuuliza mtu kipi cha Hawker na kipi cha kwetu.

Septemba 2022: Saa inayong'aa

Jambo fupi lakini lisomwe. Ndani ya kreti kulikuwa na saa ya kupimia mwendo wa ndege, kioo kimepasuka, mishale imepakwa rangi ya manjano iliyochakaa. Rangi hiyo ina radiamu. Haing'ai tena gizani, na watu wengi hudhani imekufa. Kilichokufa ni kemikali iliyokuwa inatoa mwanga. Radiamu nusu yake inachukua miaka 1,600 kupungua, kwa hiyo iko karibu vilevile kama siku ilipopakwa. Kioo kikiwa kizima na saa ikiwa mbali na mwili, hatari ni ndogo. Kikipasuka, vumbi lake linaingia mapafuni na kubaki humo.

Saa za namna hii zinauzwa masokoni na mitandaoni kila siku kama mapambo ya mezani. Tuliifunga kwenye mifuko miwili, tukaiweka kwenye bati lenye lebo, tukamkabidhi mtu mwenye kibali cha kuzishughulikia. Ghala likapimwa. Gharama: 95, na kreti nzima kuoshwa kwa kitambaa kibichi badala ya brashi.

Novemba 2022 hadi Machi 2023: Mataruma na fito

Mbao za asili zilikuwa zimeoza, isipokuwa vipande vitatu vya taruma vilivyobaki vimebanwa chini ya vibao. Vilikuwa laini kama biskuti. Tulivinywesha resini ya akriliki iliyoyeyushwa ndani ya asetoni, kidogo kidogo kwa brashi ya rangi za maji, mpaka vikashikika. Ndivyo vilivyotupa unene wa plaiwudi na mkunjo wa ukingo. Vipimo vingine tuliazima kwa watu wanaojenga Hurricane nzima, ambao kwa jumla ni wakarimu kuliko wauzaji. Vipande hivyo havikurudishwa kazini. Viko kwenye sanduku la kioo, vitasimama kando ya kiunzi.

Plaiwudi ya betula, mti mweupe wa Ulaya, ya daraja la ndege, ni ghali: shiti tano kwa 520. Tuliona tusibane hapo, kwa kuwa plaiwudi ya ujenzi ina mapengo ndani ambayo huyaoni mpaka msumeno upite.

Kwenye fito ndipo tulipobana. Tulinunua msonobari wa kawaida wa duka la mbao, tukaupiga randa, tukazipanga fito zote vizuri sana. Jumatatu iliyofuata nusu yake zilikuwa zimejinyonga. Mbao ile ilikaushwa kwa ajili ya kuta, ndani yake unyevu ulikuwa bado mwingi, na ufito mwembamba hauna mwili wa kuuzuia.

Tukarudi kwenye mbao inayotakiwa, sprusi ya Sitka. Kanuni ya mbao za ndege ni kwamba nyuzi zisipande zaidi ya inchi moja katika urefu wa inchi kumi na tano. Unachora mstari kwa kalamu ya wino, unaangalia wino unavyokimbia kufuata nyuzi, unapima. Robo ya mbao iliyoletwa haikupita. Muuzaji alibadilisha bila ubishi. Sprusi: 640. Msonobari uliopotea: 110, umekuwa rafu za ghala.

Gundi tumetumia epoksi. Gundi ya zama hizo, Aerolite, ilibuniwa Duxford na kampuni ya Aero Research katika miaka ya 1930, jirani na uwanja uleule wa ndege, na iliunganisha mbao kwa ukali wa asidi. Ningependa kusema tumeitumia, lakini epoksi inaziba vizuri hata pale kiungo chako kina mwanya mdogo, nasi tulikuwa na mianya. Kati ya kila mbao na chuma tumepaka vanishi mara mbili na kuweka ukanda wa kitambaa. Mbao inayogusa chuma tupu hunywa unyevu na kuutunza hapohapo, na ndivyo mabomba yetu yalivyooza upande wa chini.

Oktoba 2023: Kitani, mara ya kwanza

Mama alianza kwa kulalamikia sindano tulizomnunulia, akaleta zake. Kitani cha Ireland tulikipata kwa 38 kwa mita. Alikishona kwa mashine mshono wa kukunja mara mbili, ili ukingo usionekane upande wowote, kisha tukalivalisha kiunzi na yeye akafunga kingo kwa mkono, kwa uzi uliopitishwa kwenye nta ya nyuki. Alipoambiwa kwamba mhandisi mkuu wa kiwanda cha Canada kilichotengeneza zaidi ya Hurricane 1,400, pale Fort William, alikuwa mwanamke, Elsie MacGill, alisema tu, "Basi mwanangu, ulidhani ni nani angeweza?" na akaendelea kushona.

Kitani kitupu hulegea. Kinachokikaza ni dopu, rangi nyembamba ya selulosi inayonyonywa na nyuzi na kusinyaa inapokauka. Tabaka za kwanza ni nyekundu ya kutu, zinasukumwa kwa brashi mpaka zitokee upande wa pili. Dopu ya aina ya nitreti inashika vizuri na inawaka vibaya mno. Nguo za nailoni, ambazo hutoa cheche, hazikuingia ghalani, wala swichi haikuguswa mvuke ukiwa mwingi.

Tulipaka wiki ya mvua. Kufika jioni kitambaa kilikuwa na ukungu mweupe kama chokaa. Tina, yaani kimiminika cha kuyeyushia dopu, inapopaa inaipoza hewa ya juu ya kitambaa, unyevu wa hewani unageuka maji, maji yanaingia ndani ya dopu kabla haijafunga. Ukungu wenyewe ungerekebishika kwa kupuliza tina ya kukawiza. Tatizo kubwa lilionekana siku zilizofuata. Ili kuuficha, tabaka za kukaza zilikuwa zimeongezwa hadi tano. Kitani kikavuta. Fito zikapinda kuelekea ndani kati ya taruma na taruma, ubavu mzima ukawa na mabonde, na ufito mmoja ukavunjika usiku. Mzee alisema anasikia njaa akiutazama ubavu ule, mbavu zote nje.

Nilitaka kuongeza fito ili zisipinde. Mama akakataa, na alikuwa sahihi: nafasi ya fito ni ile ya asili, mbao haina kosa, kinachozidi ni dopu. Kitambaa kilikatwa chote. Hasara ya kitani, dopu na nyuzi: 730, kubwa kuliko zote kwenye mradi.

Februari 2024: Mnunuzi

Habari za kiunzi zilimfikia mtu anayejenga Hurricane ya kuruka. Alikuja, akatazama kwa adabu, akataja bei: mara tatu ya tulichotoa kununua. Kwa wiki hiyo, tukiwa tumetoka kutupa kitani pipani, ilikuwa bei tamu.

Hoja ya kuuza ni ya kweli. Ndege moja mara nyingi imeuzwa ili kuokoa nyingine. Mwaka 1991 Hurricane LF363 ya kikosi cha kumbukumbu cha RAF, jeshi la anga la Uingereza, kilichopo hapa Coningsby, ilianguka na kuungua kwenye uwanja wa Wittering. Ili kulipia matengenezo, RAF iliuza Spitfire yake moja, PS853. LF363 ikarudi angani mwaka 1998, na PS853 nayo haikupotea. Ilifika mikononi mwa Rolls-Royce. Ipo pia R4118, iliyopigana Uingereza mwaka 1940, ikapelekwa India, ikaachiwa Chuo Kikuu cha Banaras Hindu wanafunzi wa uhandisi wajifunzie. Ilikaa uani miaka mingi. Mwingereza aitwaye Peter Vacher aliiona mwaka 1982, akaja kuinunua, akairudisha Uingereza mwaka 2001, ikaruka Desemba 2004. Bila pesa ya mtu binafsi ingeishia kutu palepale.

Fundi wa Lubumbashi ndiye aliyeuliza swali lililotufungua macho. "Kaka, chuma hiki kimelala kwenye barafu na matope miaka hamsini. Mkaguzi gani atakubali kiruke?" Hakuna. Mnunuzi mwenyewe alikiri kwamba mabomba yote yangebadilishwa. Alichotaka ni vibao vya viungo na mihuri ya wakaguzi wa kiwandani iliyogongwa juu yake, ili ndege yake iwe na kitu cha asili cha kuonyesha kwenye karatasi. Kwa maneno mengine, angenunua kiunzi ili akivunje, achukue alama, mengine ayaweke pembeni.

Simlaumu. Ndege yake ikiruka, maelfu wataisikia injini ya Merlin ambayo sisi hatutaimiliki. Lakini ni lazima ujue mapema unatunza nini: chuma chenyewe, au haki ya kusema chuma ni kilekile. Soko linalipa cha pili. Sisi tulishaanza kugonga miaka kwenye kila kipande, na kitu kilichogongwa 2022 na 2023 hakiwezi tena kujifanya cha 1941.

Tulifikia hapa. Kiunzi hakiuzwi. Fundi wake amekuja kupima na kupiga picha kila kibao, bure, atengeneze vipya kwa vipimo vyetu. Na kwenye ile kreti kulikuwa na vibao vya ziada, vya ndege nyingine bila shaka, ambavyo hatukuwa na kazi navyo. Hivyo tumemuuzia kwa 900, na risiti imeandikwa wazi kwamba asili yake haijulikani. Kitani cha pili kimelipwa.

Mei 2024: Kitani, mara ya pili, na rangi

Hali ya hewa kavu, hita mbili, mashine ya kunyonya unyevu, na kipimo cha unyevu ukutani ambacho kila mtu alikuwa akikitazama kabla ya kufungua kopo. Tabaka mbili za kukaza, kisha dopu isiyokaza. Ukipiga kwa kidole kinalia. Fito zimenyooka. Sina la kuongeza, isipokuwa kwamba Mama alishona mshono wote upya badala ya kuufuata wa kwanza, na ni mzuri zaidi.

Rangi ilizua ubishi. Rafiki mmoja alipendekeza tuipake alama za Afrika Kusini, kama ndege ya Kershaw pale Diredawa, ili watu wa kwetu waipokee. Wazo linavutia, na hadithi ni ya kweli, lakini kiunzi hiki hakikupita Diredawa. Nilimkumbusha ile ndege ya kivita Kittyhawk ET574 iliyokutwa jangwani Misri mwaka 2012, imekaa tangu mwaka 1942 ikiwa na rangi yake iliyochomwa na jua, karibu kama rubani alivyoiacha. Makumbusho ya RAF yalitoa Spitfire, PK664, kulipia kuiokoa. Ndege haikutoka Misri, na ilipowekwa El Alamein ilikuwa imepakwa rangi mpya kote, ya kubuni. Miaka sabini ya ushahidi ilifunikwa kwa makopo machache ya rangi.

Kwa hiyo ubavu wa kulia una kitani chenye dopu nyekundu, na robo yake tu ina rangi za kijani na kahawia. Ubavu wa kushoto uko uchi, mabomba, mataruma na fito vinaonekana. Kwenye kibao kimoja kuna ganda la rangi ya kiwandani, ukubwa wa stempu. Tumelizungushia mstari wa penseli, hatukuligusa.

Agosti 2024: Hesabu

Kuanzia ununuzi hadi leo zimetoka takriban 8,400, ukijumlisha kodi ya ghala, na zimeingia 900. Karibu moja ya nane ya matumizi imekwenda kwenye vitu vilivyotupwa: kitani cha kwanza, dopu yake, msonobari, na praima iliyobabuka. Anayeiga akianza na viungo kufunguliwa, sprusi, na hita, atafanya kazi hii kwa chini ya 7,500 mradi kiunzi akipate kwa bei tuliyoipata sisi, jambo ambalo kila mwaka linazidi kuwa gumu.

Kilichobaki ni stendi. Tumechora ya chuma yenye magurudumu, urefu wa kiti cha magurudumu uzingatiwe ili kila mtu aone ndani. Makumbusho mawili yamekubali kuipokea kwa mkopo, moja baada ya jingine, na la kwanza linataka cheti cha dopu kutozidi kiwango chao cha hatari ya moto. Sampuli ya kitani imeshapelekwa kuchomwa kwa majaribio. Majibu yakitoka nitaandika.